Kamera ya Pili

Nakuru, Section 58
Jumanne, 24 Juni 2025

Dada Cheruto,

Salamu. Najua umenifungia simu. Kila ujumbe ninaokutumia unabaki na alama moja, kwa hivyo nimeshika kalamu, kitu ambacho sijafanya tangu nimalize shule. Barua hii nimempa Nangila, yule anayehariri picha zangu hapa studioni, akuletee mkononi hadi kibanda chako cha kushona pale Subukia. Nimemwambia asikae kusubiri jibu.

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi nne nikazikunja zote, kwa sababu kila nikilisoma naona kama ni la mtu mwingine.

Ulipoinuka ukumbini Jumamosi ile kabla filamu yetu haijaisha, nilidhani umetoka kupunga hewa. Nilikuwa mbele karibu na yule kijana wa kinanda, nikimwonyesha mahali pa kupunguza na mahali pa kuongeza. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia hakuwahi kufikiria mtu anaweza kukaa dakika kumi na mbili bila kusikia neno hata moja na bado alie. Nilikutafuta nikuite mbele. Hukuwepo. Jumapili jioni mama mmoja wa kanisa lenu alinipigia simu akanitukana mpaka salio lake likaisha, na hapo ndipo nikaelewa kwamba mikono yako ilikuwa imesema jambo.

Wacha nieleze. Siku ile kule stesheni ya zamani ya Solai nilikuambia kamera inachukua uso wako peke yake. Hiyo ilikuwa kweli kwa kamera uliyoiona. Ya pili nilikuwa nimeiweka kwenye dirisha la kukatia tikiti asubuhi, nipate stesheni nzima ikiwa tupu, nikasahau kuizima. Nilipokuja kuhariri nikaona mikono yako ndani yake. Cheruto, ilikuwa mizuri. Unajua tangu mwanzo nilitaka kutengeneza kitu kama zile sinema za kale, za wakati picha hazikuwa na sauti, watu walipokuwa wakisema kwa macho na mabega. Hakuna mwigizaji niliyemjaribu aliyeweza. Wote walikuwa wakifungua midomo kama samaki. Wewe ulisimama tu, na kila kitu kilikuwa hapo.

Ulichosema mimi sikukijua. Sijui ishara hata moja. Nilidhani unaigiza mama anayemuuliza stesheni masta habari za mtoto wake, kama nilivyokuomba, ndiyo sababu nikaweka baada yake ile kadi yangu ya maneno: "Nirudishie mwanangu." Mpaka leo sijui ulisema nini hasa. Nasikia uvumi tu.

Kuna jambo jingine dogo, na naona aibu kulitaja hapa. Watu wa tamasha moja la filamu za kimya huko ng'ambo wameiona filamu yetu "Treni ya Saa Kumi" na wanaitaka mwezi wa kumi. Wanahitaji fomu ya ruhusa yenye sahihi yako. Nimeiweka ndani ya bahasha. Usipotaka, itupe.

Wako,
Jamleck Nderitu


Subukia
1 Julai 2025

Kaka Jamleck,

Nimesoma barua yako mara mbili. Hukujua. Hilo nalikubali, na kwa hivyo nitakuambia.

Niliketi mstari wa tatu na wenzangu saba wa ushirika wa viziwi. Niliwaalika mwenyewe. Niliwaambia, hii ni sinema ambayo hata wanaosikia watakuwa kama sisi, wote tutasoma kadi moja. Niliwashonea wasichana wawili nguo mpya za kuja nazo. Uso wangu ulipotokea na ule unga mweupe mashavuni, wakacheka, wakanipiga makonde mgongoni. Halafu ukaleta mikono. Ukutani ilikuwa mikubwa kuliko mlango. Jelagat, mmoja wao, alikuwa kando yangu akila njugu. Akaacha kula. Niliona wenzangu wakigeuza vichwa kunitazama, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote saba. Hakuna aliyetazama tena ukuta. Kisha kadi yako ikaja, "Nirudishie mwanangu," na ukumbi mzima wa wanaosikia ukatoa vitambaa vya kufuta macho.

Hivi ndivyo nilivyosema: "Kogo, ni mimi. Si Kibii. Niliacha mahindi motoni nikatoka. Nilikuwa karibu sana na wewe, na sikusikia. Baba alimfukuza Kibii mbele yangu, na mimi nikanyamaza."

Kogo ni nyanya yetu, mama ya baba. Nilikuwa na miaka kumi. Jiko letu lilikuwa la nyasi, na Kogo alipenda kulala humo mchana kwa sababu ya joto. Nilikuwa nikichoma mahindi. Nikaona ndama ameingia kwenye maharagwe, nikatoka kumfukuza, nikakaa huko nikicheza naye. Upepo ulikuwa mwingi. Watu wa ng'ambo ya bonde walimsikia Kogo akiita, Jamleck. Watu wa mbali. Mimi nilikuwa hatua ishirini nikimkuna ndama shingoni. Niligeuka tu nilipoona ndama ameshtuka, na jiko lilikuwa tayari linawaka lote.

Wiki moja kabla, baba alikuwa amempiga ndugu yangu Kibii kwa kuvuta sigara nyuma ya jiko hilo. Kwa hivyo hakuna aliyeuliza sana. Kibii alikuwa na miaka kumi na minane. Aliondoka na shati moja. Na yeye ndiye peke yake katika boma letu aliyejua kuongea na mimi. Ishara zetu tulizitunga wawili, kabla sijaenda shule. Alipoondoka, nyumba yetu ikabaki na watu wanaofungua midomo.

Kwa nini nilisema siku ile kule Solai? Ulinishika bega, ukaandika kwenye simu yako: "Sema chochote kinachokuuma. Hakuna atakayeona mikono." Nikaangalia waliokuwepo. Wewe, mshika taa, na yule mzee aliyevaa kofia ya stesheni masta. Hakuna anayejua ishara. Nilikuwa kama mtu aliye peke yake. Nilitaka nikitoe mara moja maishani, hata kama ni mbele ya ukuta wa mawe.

Mama yake Jelagat anasikia. Alipata habari Jumamosi hiyo hiyo, na Jumapili kanisa zima likajua. Jumatatu baba alikuja kibandani. Mzee Micah alikuwa hajawahi kuingia kibanda changu. Alichukua chaki yangu ya kupimia, akaandika kwenye meza ya kukatia: NI KWELI? Nikaitikia kwa kichwa. Akafuta maneno kwa mkono wa koti lake, polepole, mpaka meza ikawa safi, akaenda. Tangu siku hiyo anashinda pale jiko lilipokuwa. Siku hizi kuna napier, nyasi ndefu za ng'ombe. Anasimama ndani ya napier kama mtu aliyepoteza kitu.

Fomu nimetia sahihi. Katika watu wote waliohusika na jambo hili, wewe ndiye uliyekuwa hujui, na sitaki ukose safari yako kwa ajili ya dhambi yangu.

Ila nina ombi. Kibii yuko Kuresoi, upande wa juu, anachimba viazi vya watu na vyake kidogo. Sina namba yake. Uliniambia umepiga picha za harusi huko mara nyingi na watu wanakujua. Ndani ya bahasha kuna barua yake. Mpelekee. Sitaki aipate kwa mdomo wa mtu.

Cheruto


Nakuru
Jumamosi, 12 Julai 2025

Dada Cheruto,

Barua ya Kibii nimeifikisha.

Nilimpata Jumatano, shambani, kwenye mteremko juu ya soko. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na ukungu ulikuwa chini. Walikuwa watu watano wakichimba. Nilimtambua kabla hajageuka kwa sababu anasimama kama wewe, uzito wote mguu mmoja.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Naitwa Jamleck, natoka Nakuru. Nina barua ya dada yako."

Alipangusa mikono kwenye nyasi, kwanza viganja, halafu nyuma, ndipo akaipokea. Akaisoma amesimama. Wenzake waliendelea kuchimba. Alipomaliza akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake ya sufu, akaivaa tena.

"Hiyo sinema iko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Aliitazama yote. Ilipofika pale kwa mikono akairudisha nyuma, akatazama tena, midomo yake ikitikisika kidogo, kama mtu anayesoma. Ishara nyingine ulizotumia naona alizijua, kwa sababu kuna mahali alicheka bila sauti na machozi yakamtoka hapo hapo.

Akanirudishia simu. Akasema, "Wewe ulijua anasema nini?"

Nikamwambia, "Sikujua."

Akaniangalia. Halafu akachukua jembe.

Nilirudi kwenye gari nikashindwa kuliwasha. Nilikaa pale na barua yako mfukoni, ile uliyoandika "hukujua, hilo nalikubali," na nikaona kwamba nimeusema uongo huo mara mbili sasa, kwako na kwa ndugu yako, na mara ya pili ulikuwa mwepesi zaidi kuusema. Kwa hivyo huu ndio ukweli.

Nangila anajua ishara. Mama yake mdogo ni kiziwi, walilelewa nyumba moja. Mimi sikuwa nimewahi kumuuliza. Tarehe ishirini na nane Mei alikuwa akipanga shoti, vile vipande vya filamu. Akasimamisha kompyuta, akaniita: "Boss, huyu haongei habari za mtoto." Akaniandikia kila neno kwa penseli, nyuma ya kalenda. Karatasi hiyo iko kwenye droo yangu. Nimeisoma leo tena nikailinganisha na barua yako. Hakukosea hata neno.

Akaniuliza, "Ameruhusu?" Nikamwambia nimeshaongea na wewe, umekubali. Ndiyo sababu hakusema kitu. Usimlaumu. Alipokuletea barua yangu ya kwanza alidhani anakuletea shukrani.

Kamera ya pili sikuisahau. Niliitega. Nilijua uso peke yake hautatosha, na nilijua ukiona kamera mbili utajikaza. Nikaificha nyuma ya dirisha la tikiti, nikakuandikia yale maneno kwenye simu.

Kwa nini niliacha shoti ile baada ya kujua? Nimejaribu kukutafutia sababu nzuri. Hakuna. Ilikuwa shoti bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Miaka tisa nimewapiga picha watu wakikata keki. Nilijiambia ukumbini hakutakuwa na anayeelewa. Halafu wiki moja kabla ya siku yenyewe ukanitumia ujumbe kwamba unakuja na wenzako saba. Ningeweza kuikata hata asubuhi hiyo, ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilikujibu, "Karibuni sana."

Fomu yako nairudisha. Sijaituma.

Sikuandikii unisamehe. Sijui nakuandikia nini.

Jamleck


Kuresoi
Tarehe 22 Julai 2025

Bwana Nderitu,

Cheruto yuko hapa kwangu tangu Jumapili. Alikuja na barua yako ya mwisho, akaniwekea mkononi nisome kwa sababu alidhani pengine ameielewa vibaya. Hakuielewa vibaya.

Nilikuuliza pale shambani kama ulijua. Ukasema hukujua, na ukatazama viatu vyako. Mimi si msomi lakini nimeuza viazi kwa madalali miaka mingi. Mtu akitazama viatu, gunia lina mawe.

Sasa nikuambie jambo, kwa sababu umezoea kuchukua mambo ya watu bila kuyajua, hili ulijue kabisa.

Siku ya moto mimi nilikuwa natoka mtoni na ng'ombe. Nilikuwa wa kwanza kufika. Niliingia, nikamvuta Kogo nje, lakini alikuwa ameshakata roho. Kwenye mawe ya jiko niliona mahindi matatu. Nilijua ni ya Cheruto kwa sababu yeye huyachoma na ganda moja limebaki nyuma, la kushikia. Nyumbani hakuna mwingine anayefanya hivyo. Watu walikuwa bado wanapanda mlima wakipiga kelele. Nilichukua yale mahindi na mikono yangu hii, alama ninazo mpaka leo, nikayatupa chooni.

Baba alipofika aliniuliza, "Ulikuwa unavuta sigara hapa?" Sikusema ndiyo. Sikusema la. Akaelewa alivyotaka.

Cheruto alikuwa amepata nafasi shule ya viziwi, aende Januari. Baba hakutaka. Alikuwa akisema shule ni mbali, mtoto kama yule ni wa kukaa nyumbani. Alikuwa anatafuta sababu. Unadhani angeipata sababu gani kubwa kuliko ile? Cheruto angekaa kwenye boma lile hadi leo, anafua na kuchota maji, na kila mgeni akija angeonyeshwa kwa kidole. Badala yake alikwenda, akasoma, ana cherehani mbili. Nilikuwa naulizia habari zake kwa watu wa Subukia wanaokuja kununua mbegu. Nilipata habari kila mwaka. Usiku nikiwa na baridi hapa nilikuwa najiambia, Kibii, umepoteza nyumba, lakini kuna kitu kimoja umekifanya sawa.

Na sharti la kitu hicho lilikuwa moja tu. Cheruto asijue kwamba kuna mtu anayejua.

Hujaniibia picha wewe. Nilimpa dada yangu kitu miaka kumi na sita iliyopita, na wewe umekwenda ukakitoa mikononi mwake mbele ya watu, ukakiwekea kinanda. Alipokuja hapa alipiga magoti kwenye matope akaniambia yote. Ilibidi nimwambie nilikuwa najua. Nilidhani atatulia. Alilia zaidi. Kabla ya hapo alikuwa analia kwa ajili ya Kogo na kwa ajili yangu. Sasa analia pia kwa sababu aliteseka na siri miaka yote hiyo wakati mimi ningeweza kumwondolea kwa neno moja. Kwa hivyo na mimi nina langu la kubeba, na hilo umenitwisha wewe.

Usije huku kuomba msamaha. Nina viazi vya kuchimba.

Kibii arap Micah


Nakuru
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Dada Cheruto,

Sitakuwa na maneno mengi. Barua ya ndugu yako niliipata. Nimeisoma mara nyingi.

Watu wa tamasha nimewaandikia kwamba filamu haitakwenda. Waliuliza sababu. Niliwaambia kwamba sikuwa na ruhusa ya mwigizaji na kwamba nilijua sina. Mmoja wao akajibu kwamba ni hasara kubwa kwa sanaa. Zamani ningeiweka barua kama hiyo kwenye fremu.

Nangila nimemwambia ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hivyo ile barua niliyopeleka Subukia ilikuwa na nini ndani?" Nikamwambia. Akachukua kikombe chake na jaketi lake na hajarudi. Sasa nahariri harusi peke yangu. Ni kazi ya polepole.

Nilikaa mara mbili nifute kila kitu. Mara zote mbili niliona kwamba hata hapo ningekuwa naamua juu yako bila kukuuliza. Kwa hivyo nimeweka filamu na shoti zote za Solai, za kamera zote mbili, kwenye diski moja, nikafuta za kwangu. Diski iko ndani ya kifurushi hiki pamoja na karatasi ya penseli ya Nangila. Hakuna nakala nyingine. Najua sina haki ya kukuomba uniamini kwa hilo.

Mzee Micah niliwahi kumwona mara moja, ulipomleta kunisalimia tulipokuwa tukitafuta mahali pa kupigia picha. Alinipa maziwa ya mursik na akaniombea kazi yangu ibarikiwe. Hilo ndilo linalonijia nikiwa najaribu kula.

Jamleck


Subukia
Jumapili, 7 Septemba 2025

Jamleck,

Diski imefika. Nimeiweka chini ya vitambaa kwenye sanduku langu. Sijaitazama na sijui kama nitaitazama. Usinitumie tena kitu.

Sijakusamehe. Nilikusamehe mara moja, ya kwanza, na ule msamaha ulikuwa wa kweli, na wewe uliuweka mfukoni siku kumi na moja huku ukijua si wako. Hilo linaniuma kuliko ile picha ya ukutani. Kwenye ukuta ulichukua maneno niliyokuwa nimeyatoa kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini msamaha ule nilikuandikia nikiwa nimeketi na kufikiria, nikikuhurumia. Nilikuhurumia, Jamleck.

Lakini nakuandikia, kwa sababu ulimtaja baba, na kwa sababu siku ile ulikunywa maziwa yake. Una haki ya kujua yamefikia wapi kwake. Baada ya hapo basi.

Nilipokuwa kwa Kibii, sikumwambia baba niko wapi. Alijua mwenyewe. Alhamisi ya mwisho ya Agosti, nikiwa nimesharudi nyumbani, alinijia asubuhi amevaa suti ya kanisani. Akachukua daftari, akaandika: "Nifundishe kusema nimekosa."

Sikuelewa. Nikaandika, "Kwa nani?"

Akaandika, "Kibii."

Miaka yangu yote ishirini na sita baba hajawahi kuuliza ishara hata moja. Akitaka chai hunionyesha kikombe. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja wangu, kofia kwenye magoti, ameweka mikono mbele yake kama mtu anayesubiri kufungwa pingu. Nilimshika vidole. Ni vizito, vina nyufa, havikunji vizuri. Tulifanya mpaka saa sita. Alikuwa akisahau, anatikisa kichwa, anaanza tena. Wateja wawili walikuja, nikawaambia warudi kesho.

Jumamosi tulikwenda Kuresoi, mimi na yeye. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi na mkono ndani ya koti. Niliona koti likitikisika.

Kibii alikuwa nje akichagua viazi vya mbegu. Alituona tukishuka. Hakusimama. Baba alikwenda hadi mbele yake, akavua kofia, hajui aiweke wapi, akanipa mimi. Halafu akainua mkono, akafanya ile ishara. Aliifanya vibaya, kidole kimoja kikabaki nje, akairudia. Kibii alimtazama mkono, akamtazama uso.

Nilikuwa nimesimama mahali ninapoona midomo ya wote wawili.

Kibii akasema, "Baba, mimi nasikia."

Mkono wa baba ukabaki juu. Niliona amechanganyikiwa, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nadhani alikuwa amejiambia njia nzima kwamba lugha ya watoto wake ni ile. Au pengine alijua atashindwa kwa mdomo, na alitumaini mkono utamsaidia. Kibii akasubiri. Hakumsaidia. Mimi nilitaka kumsaidia, nikajizuia.

Kisha baba akafungua mdomo. Alisema neno la kwanza, nikaliona, ni jina la Kibii. Alisema la pili. Halafu uso wake ukavunjika, midomo ikaacha kuwa na umbo, na sikuweza kusoma tena. Aliendelea kusema kwa muda mrefu. Nilisimama pale na kofia yake mkononi, nikaona koo lake likipanda na kushuka, na nikaona Kibii akisikia kila kitu.

Alipomaliza, Kibii aliinuka. Aliingia ndani akatoka na kiti, akakiweka kando ya rundo la mbegu, akamshika baba kiwiko akamketisha. Akamsogezea ndoo. Baba akaanza kuchagua viazi, vibovu huku, vizuri huku, na suti yake ya kanisani. Walichagua mpaka rundo likaisha. Mimi nilipika.

Kibii amesema atakuja Disemba akimaliza kuvuna. Hakusema atakaa.

Cheruto